Namna ya Kwenda Kisiwani na Kurudi

Wajukuu wangu sasa wanakwenda kisiwani kama mtu anavyokwenda sokoni. Wanatoka Kasongo asubuhi kwa pikipiki, wanafika Nyangwe wamekuwa wekundu kwa vumbi, wanapanda mtumbwi na simu masikioni, wananunua samaki, wanarudi. Hawamuulizi mtu kitu. Juzi mmoja wao, wa kike, akaniambia, "Nkambo, ninapeleka wageni kisiwani, wanataka kuona mto. Nipe mashauri." Nikamwambia keti. Akasema hana muda, afadhali niyaandike. Haya, ninaandika. Mwandiko wangu ni wa shule ya kushona, na niliiacha mapema, lakini kichwa changu ni kizima. Majina ya watu wote niliowajua Nyangwe ninayo, na ya watoto wao, na ya mbuzi wao wengine. Humu sitaandika hata moja, na ukisoma utajua sababu.

Nenda wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua Lualaba haina ukingo, unaweza kupita juu ya shamba la muhogo la mtu usijue. Kiangazi mchanga unatoka, mpiga kafi anaona mawe, na mamba wanaota jua mahali unapoweza kuwahesabu kwa mbali. Chukua chumvi, na tumbaku kwa wazee. Ndani ya mtumbwi keti chini kabisa, matako yalowe, hakuna aibu. Yule anayejikweza juu ya ukingo wa mtumbwi kama bibi harusi ndiye anayepindua wenzake. Mkono usiutie majini hata kama joto ni kali namna gani. Na usivae kitambaa cheusi wala bluu ile nzito ya kaniki, hilo nitalirudia.

Wakati wetu, wakati wa Wabelgiji, ulihitaji pia barua ya njia. Bila barua hiyo polisi wa Bulamatari, ndivyo tulivyoita serikali, alikurudisha ulikotoka, na kama siku yake ilikuwa mbaya alikupa jembe kwanza ulime kando ya barabara. Barua za njia zimekwisha, hayo tumeyazika. Lakini liko jambo moja lisilokwisha, na wageni wako lazima walifanye, hata wakicheka.

Jina huachwa ukingoni.

Hivi ndivyo inavyofanywa. Kila anayevuka anachuchumaa mbele ya mtu anayebaki, anamwambia sikioni majina yake yote, la kuzaliwa, la dini, la baba, yote. Kuanzia hapo jina halitajwi tena, si majini, si kisiwani. Utaitwa mama, shangazi, weye wa kofia. Ukirudi, mtumbwi unasimama pale maji yanapofika magotini, na yule aliyebaki anakuita kwa jina. Unaitika, "Niko!" Ndipo unashuka. Usipoitwa, hushuki.

Nilimuuliza nkambo yangu sababu. Nkambo huyu alikuwa mama wa baba yangu, nyumba yake ilikuwa karibu na kivuko cha Nyangwe, na yeye ndiye aliyewawekea watu majina yao. Akasema, "Mto unasikia. Ukijua jina lako, utakuita siku nyingine, na weye utaitika bila kufikiri, maana kila mutu akiitwa anaitika."

Mwalimu wa chuo cha Korani alikuwa akisema kwamba hiyo haimo katika dini. Lakini siku aliyokwenda kuozesha watu kisiwani nilimwona kwa macho yangu amechuchumaa mbele ya nkambo, kanzu ameikusanya isiguse tope. Nkambo akamwambia, "Pandisha sauti, mwalimu, sikio langu ni zee." Mwalimu akatazama nyuma kwanza kama kuna mtu.

Sikio hilo zee ndilo lililotuokoa, au ndilo lililotuletea yote, sijui. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, aliolewa na mvuvi wa kisiwani. Siku ya kuvuka nilikuwa nimeshika fimbo ya nkambo, mimi bado msichana mdogo. Mama yetu alisimama juu kabisa ya mwinuko, mbali na maji, analia. Mama alikuwa mtu wa Kabambare, mtu wa vilima, na mto aliuogopa kama watu wengine wanavyoogopa moto. Yaya akachuchumaa, akanong'ona. Nkambo akasema sikusikia. Yaya akarudia kwa sauti, na mimi nikasikia yote. Kisha nkambo akamvuta shingo, akamwongezea jina jingine pale pale, jina ambalo halikuwa na mtu katika ukoo wetu, kama mtu anayefunga mzigo fundo la pili. Nalo nikalisikia. Yaya akapanda mtumbwi, akaenda.

Miaka ikapita. Nkambo akafa mwisho wa mvua, nyumbani kwake, na majina ya watu akilini mwake. Yaya hakuja kwenye matanga. Tukasema labda mto umejaa. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akikausha samaki kivukoni akaja Kasongo na kapu lake, akaingia kwetu, akakataa kuketi.

"Mama, mutoto wako analala."

"Kila mutu analala," mama akasema.

"Muchana, mama. Na tonge la bukari mukononi."

Mama akaacha kutwanga.

Wakati huo waganga wa serikali walikuwa wakipita vijijini wakipapasa watu shingo, wakitafuta mafundo ya ugonjwa wa usingizi. Mama akaenda kumuuliza munganga wa lopitali ya Kasongo. Mimi nilikuwa nimeshika kikwembe chake, nikasikia jibu: "Mulete akiwa bado anaweza kusimama. Dawa iko. Lakini akiisha kuingia usingizi ule wa kufunga macho moja kwa moja, sindano yangu itachoma nyama tu."

Hivyo tulijua tunachokimbilia. Tukapata nafasi, sisi na yule mwanamke wa samaki, juu ya kamio, lori la pamba lililokuwa likienda Nyangwe na magunia matupu. Dereva akamwambia mama, "Jua likigusa miti ninarudi Kasongo. Sitamungoja mutu." Mama akasema sawa.

Kivukoni mpiga kafi alikuwa mzee mwenye kifua kipana, anazungumza bila kumtazama mtu. Akamtazama mama kuanzia miguuni. Mama alikuwa amevaa kaniki, kwa sababu ya kifo cha nkambo.

"Weye mama umevaa chakula cha mbung'o."

"Ninaomboleza mama mukwe wangu."

"Omboleza kwa moyo. Nguo iache hapa. Inzi wa kule wanaitafuta rangi hiyo kama watoto na sukari. Wao ndio wanaoleta usingizi."

Hakuwa na nguo nyingine. Mwishowe yule mwanamke wa samaki alikwenda kwa dereva, akarudi na gunia jeupe la pamba, akatoboa tundu la kichwa na mawili ya mikono. Mama, aliyejulikana Kasongo nzima kwa kufunga kikwembe vizuri, alivuka Lualaba ndani ya gunia. Yule mwanamke akacheka hata akakaa chini.

"Cheka," mama akasema. "Nikirudi nitakuazima."

Sasa majina. Nkambo hayupo. Mama akasema hatuna haja, tunarudi leo leo. Mpiga kafi akaliweka kafi lake chini, akaanza kukata tumbaku. Mama akaelewa. Tukachuchumaa mbele ya mwanamke wa samaki, mama kwanza, kisha mimi. Sikio lake lilinuka moshi. Nakumbuka kwamba nilipomaliza kusema nilihisi baridi kidogo, kama mtu aliyevuliwa kitambaa kichwani.

Mto ulikuwa umetulia. Ninawaambia wageni wako wasitegemee makelele: katikati ya Lualaba, kiangazi, sauti ya ukingoni inakatika kama umefunga mlango. Unabaki na kafi tu. Nilitazama nyuma, mwanamke wa samaki alikuwa akituangalia, midomo yake inatembea. Alikuwa akiyarudia majina yetu asiyasahau.

Ukifika kisiwani, piga makofi kabla ya kushuka, ungoje ujibiwe. Tulipiga. Hakuna aliyejibu. Mpiga kafi akapiga tena. Jua lilikuwa utosini. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama juu ya mchanga, anatuangalia kama mwenye nyumba.

"Shukeni tu," mpiga kafi akasema kwa sauti ndogo. "Siku hizi ndivyo walivyo."

Nimeona vifo vingi, nimeona na vita, lakini njia ile kutoka mchangani mpaka nyumba ya yaya ndiyo ninayoiota. Watu walikuwapo. Hapo ndipo hofu yenyewe. Kijiji kilichohamwa hakitishi, nyasi zinaota, unapita. Hapa sufuria ilikuwa ikichemka na maji yanamwagika motoni, na mwenye sufuria ameketi pembeni, macho nusu, mwiko juu ya magoti. Mwanamume alilala mlangoni na wavu aliokuwa akiushona, sindano ya mti bado iko kati ya vidole. Kinu kilikuwa na mchi umesimama ndani yake, na mwanamke ameukumbatia mchi ule, shavu juu ya mti, anapumua. Tulipita, tukasema hodi, hodi. Wengine walifungua macho, wakatuona, wakayafunga, bila kuudhika, kama vile sisi ndio ndoto. Samaki juu ya vichanja walikuwa wameungua upande mmoja.

Shika shauri hili: mtu wa kisiwani akilala mchana usimrukie, zunguka kwa miguuni. Na usimuulize mwenye nyumba watu wake ni wangapi.

Mama mkwe wa yaya alikuwa macho. Mzee mwembamba, ameketi mbele ya nyumba, anajipiga mapaja kwa tawi la majani kufukuza inzi. Mume wa yaya alikuwa amechukuliwa kwa kazi ya barabara ya Bulamatari.

"Karibu, mama wa gunia," akasema.

"Asante, mama. Nimekuja kumuchukua mutoto, nimupeleke lopitali."

"Najua. Mimi pia nataka apone. Lakini utamushusha wapi?"

"Nyangwe. Wapi tena?"

"Aliyeweka jina lake amekufa. Nani atamwita? Atabaki ndani ya mutumbwi."

"Nitamushusha kwa mikono yangu hii."

Mzee akaacha kujipiga na tawi. "Mama, weye ni mutu wa vilima, sikukasirikii. Kulikuwa na mwanamume hapa, alishuka Nyangwe bila kuitwa, alikuwa na haraka. Alifika kwake. Muke akamupikia. Alikula mbele yake, ananawa, anashukuru. Muke kutazama sahani, chakula kiko vilevile. Siku zote vilevile. Mupaka alikauka kama samaki wa kichanja, na kila siku anasema ameshiba."

Mama akainama, akaingia ndani.

Yaya alikuwa ameketi, mgongo ukutani, mkono ndani ya sahani ya bukari. Alikuwa amekonda, na shingoni, chini ya sikio, mafundo yalionekana hata bila kupapasa. Mama akapiga magoti mbele yake, mdomo wazi, na niliona jinsi jina lilivyomfika ulimini. Nikamvuta gunia. Akasema tu, "Mutoto wangu."

Yaya akafungua macho. "Mama. Mbona umevaa gunia?"

Ndipo mama alipolia na kucheka pamoja. Tukamsimamisha. Alisimama! Alitembea, tukimshika huku na huku, mpaka mchangani. Mama mkwe alitufuata, akampaka majivu kidogo kisigino, akarudi nyuma bila kuaga. Ukiondoka kisiwani huagi.

Tulimlaza yaya kati yetu, kichwa juu ya mapaja ya mama. Tulipofika katikati, pale sauti zinapokatika, kichwa kile kikawa kizito. Mama akamtikisa. Akampiga shavu. Yaya alipumua, lakini pumzi ilikuwa ndefu, na kati ya pumzi na pumzi palikuwa na nafasi ambayo haikunipendeza. Mama alikuwa akisema mutoto wangu, mutoto wangu, kisha mtu wa vilima ndani yake akashinda. Alilitaja jina. Jina la kuzaliwa, lile alilompa yeye mwenyewe, kwa sauti kubwa, akiinama juu ya uso wake.

Mpiga kafi aliacha kupiga. Mtumbwi ukatembea wenyewe kidogo, ukasimama, Mungu ni shahidi wangu, ukasimama juu ya maji yanayokwenda. Hakumgombeza mama. Alitazama maji nyuma yetu tu, muda mrefu, kama mtu aliyedondosha kitu na anajua kina chake. Kisha akapiga kafi kwa nguvu, bila kupumzika, mpaka pale maji yanapofika magotini.

Mwanamke wa samaki akamwita mama. "Niko," mama akashuka. Akaniita mimi. "Niko." Mchanga ulikuwa wa moto chini ya nyayo zangu, na ile baridi ikanitoka. Jua lilikuwa likikaribia miti, na kule juu dereva wa kamio alikuwa amekwisha kuwasha injini, anapiga honi.

Mama akarudi majini kumtoa yaya. Yaya alikuwa ameamka nusu, na mikono yake miwili ilikuwa imeshika ukingo wa mtumbwi.

"Sijaitwa, mama."

"Achia, mutoto. Kamio inakwenda."

"Sijaitwa."

Mama alivuta vidole vyake kimoja kimoja, na kila alipofungua kimoja kingine kilijifunga. Mwanamke wa samaki akasema yeye hana jina la huyu, hakupewa, hawezi kuita kitu asichopewa. Mpiga kafi akasema, "Nani alikuwapo siku alipovuka?"

"Mimi," nikasema. "Nilishika fimbo."

"Ulisikia?"

"Yote."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Basi simama pale aliposimama nkambo yako, uite."

Nilisimama. Niliita jina la kuzaliwa, kwa kuwa ndilo la kwanza.

"Niko!"

Ilikuwa sauti ya yaya. Ilikuwa ya furaha hata, sauti yake ya zamani, kabla hajaolewa. Lakini yaya mbele yangu midomo yake ilikuwa imefungwa. Sauti ilitoka nyuma, katikati ya mto, pale mama alipolitaja. Watu wote kivukoni walisikia, maana mtoto mmoja aliangalia kule akauliza, "Nani anaoga?" na mama yake akamfunika uso kwa kikwembe.

"Usirudie hilo," mpiga kafi akaniambia. "Hilo limekwenda. Endelea."

Niliita jina la dini. Yaya hakutikisika. Mtoni kimya. Niliita la baba. Kope zake zilikuwa zikishuka, na mikono sasa ilishika mtumbwi kwa usingizi, ile mishiko ambayo haifunguki. Honi ikalia tena, ikifuatwa na mlango wa kamio. Nikajua limebaki moja, lile la nkambo, ambalo mama hakuwahi kulisikia, wala mto.

Nikaliita.

Kisha yaya akainua kichwa, akaangalia huku na huku kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya wengine, akasema, kwa sauti ya kukwaruza ambayo sikuijua, "Niko." Mikono ikaachia. Alishuka mwenyewe, maji magotini, akapanda mwinuko, akasimama mbele ya kamio mpaka dereva akampa nafasi kwenye pamba.

Lopitali walimchoma sindano nyingi, nyingine mgongoni penye uti, akilia. Munganga alisema tumemleta mwisho kabisa wa wakati. Akapona. Mumewe alipotoka barabarani alimfuata Kasongo, akawa mvuvi asiye na mto, analima mpunga. Baadaye wakubwa wakawahamisha watu wote wa kisiwani mpaka dawa ilipowafikia. Leo wamerudi, wengine, na hawalali mchana kuliko wewe na mimi.

Tangu siku ile tulimwita yaya kwa jina lile la nkambo tu. Jina la kuzaliwa hakuna msichana wa Nyangwe aliyepewa tena, na hilo unaweza kuuliza. Kwa hiyo, mjukuu wangu, wageni wako wakiwa tayari, wapitishe kwangu kabla ya kivuko, nami nitakwenda nanyi mpaka maji. Waambie wapandishe sauti.

Siku moja, tukiwa wazee wote wawili, tunakausha samaki nyuma ya nyumba yake, nikamuuliza. Sikuwahi kumuuliza kabla.

"Yaya, siku ile, aliyeitika kule nyuma alikuwa nani?"

"Si uliita jina langu?"

"Niliita."

"Basi aliitika mwenyewe."

"Na weye?"

Akaupepea moto kwanza. "Mimi muliniita kwa lile lingine, nikashuka. Ningefanya nini? Hapakuwa na mutu mwingine ndani ya mutumbwi." Akanisukuma kwa kiwiko. "Geuza samaki, yule wa pembeni anaungua upande mumoja."

Nikamgeuza.